Nafasi Moja kwa Kila Baba

Nilikuwa na baba wawili, mmoja wa damu na mmoja wa karatasi. Wa damu alikwenda kutafuta kazi upande wa Kolwezi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mpaka leo anatafuta. Wa karatasi ni mjomba wangu, kaka yake mama, fundi umeme katika kiwanda cha kampuni hapa Likasi. Mama alipoolewa tena kule Bukama, yule bwana mpya hakutaka mtoto wa mwanamume mwenzake kwenye sahani yake. Basi nikapakiwa kwenye treni pamoja na gunia la samaki wakavu, nikashushwa Likasi nikiwa na miaka sita. Samaki walipokelewa kwa furaha. Mimi pia, nisije nikawa mwongo.

Asiyeishi kambi ya wafanyakazi hawezi kuelewa habari ya karatasi, acha nimweleze. Kila mfanyakazi ana karatasi ya familia ofisini, ambako mke na watoto wake wameandikwa. Mtoto aliyeandikwa anatibiwa hospitali ya kampuni na kulipiwa shule. Ambaye hakuandikwa, shauri yake na Mungu wake. Ndiyo maana hapa kwetu kila mtu anawaandika watoto wa dada zake kama amewazaa yeye, na hakuna anayeona ni wizi. Utamwacha mtoto wa dada yako aungue homa mlangoni pako, eti kwa sababu ya mstari mmoja kwenye karatasi? Hata wale wa ofisini wanaoandika nao wana wa kwao. Mjomba aliniandika wiki ile ile niliyofika, na jioni akanikalisha kwenye kigoda kunifundisha: nyumbani nimwite mjomba, hospitalini na ofisini nimwite papa. Nilikosea mara moja tu, mbele ya nesi. Mke wa mjomba alinifinya paja, sikukosea tena.

Mjomba alikuwa na binti yake wa kumzaa. Alinizidi miezi minne, na kwa hiyo miezi minne alinitawala miaka kumi na miwili. Ni yeye aliyenifundisha Kifaransa, kwa kandambili: kosa moja, pigo moja, na akinipiga anacheka. Tulilala godoro moja, tukakaa dawati moja. Yeye aliandika insha zangu, mimi nilifanya hesabu zake. Walimu walijua wakaacha kutukemea. Nilimwita yaya, kama anavyoitwa mkubwa hapa kwetu, na nilipoumwa malaria alikuwa anakula bukari yangu, yaani ugali, mbele yangu ili nione wivu nile. Nawaambia haya mjue ninachozungumzia. Binamu ni neno la vitabuni, yule alikuwa yaya wangu.

Tulipofika mwaka wa sita wa sekondari, mwaka wa mtihani wa Serikali, kampuni ilibandika tangazo kwenye lango la kiwanda. Ilikuwa inataka kuwaandaa watoto wa wafanyakazi kwa chuo kikuu. Masomo yangekuwa Jumamosi na likizo ya Pasaka, halafu miezi mitatu ya kulala bweni baada ya mtihani, na atakayemaliza vizuri angelipiwa masomo ya uinjinia Lubumbashi mpaka mwisho. Kambi nzima ilizungumza habari hiyo. Watu wenye watoto wa mwaka wa nne walitamani kuwavuta wakue haraka. Chini kabisa ya tangazo, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba kila mfanyakazi ana haki ya nafasi moja. Mtoto mmoja kwa kila baba.

Sisi hatukusoma herufi ndogo. Tulikwenda kufanya jaribio pamoja, tukiwa tumesukana nywele mtindo mmoja, tukarudi pamoja tukibishana jibu la swali la mwisho. Lilikuwa jaribio la kurasa tatu, mbili za hesabu na fizikia, moja ya Kifaransa. Lingekuwa na mbili za Kifaransa, leo ningekuwa nawaandikia habari nyingine. Nilikuwa wa nne. Yeye alikuwa wa tisa. Wote wawili tulikuwa tumepita, na fomu iliyoletwa kwa mjomba ilikuwa na mstari mmoja tu wa kujaza jina.

Mjomba si mtu wa maneno. Aliiweka ile fomu mezani siku mbili, akila pembeni yake bila kuigusa. Siku ya tatu alituita sote, akavaa miwani yake, akasema kiwandani hawaangalii mashine ilitoka wapi, wanaangalia inayozalisha zaidi. Mwenye alama nyingi ndiye atakayekwenda. Akaandika jina langu polepole, kwa herufi kubwa. Mke wake alikuwa amechutama kwenye mbabula, anapepea makaa, ametugeuzia mgongo.

"Alama haizalake mutoto," akasema, kama anaambia sufuria.

Mjomba alisikia, mimi nilisikia, na yaya wangu alisikia. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu hupenda kunionea huruma. Huniambia ulikuwa mtoto, ungefanya nini. Mtoto gani? Nilikuwa na miaka kumi na minane, mdomo ninao, na ilitosha kusema maneno matatu: mjomba, andika yeye. Niliyajua yale maneno. Yalikuja mpaka kwenye meno, nikayameza, kwa sababu nilikuwa naitaka ile nafasi kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Niliinamisha kichwa nikijifanya naona haya, na chini ya ile haya nilikuwa na furaha. Yaya wangu aliniangalia. Alinijua mno, aliiona.

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Angenipiga hata na ile kandambili yake, tungelia, tungemaliza. Usiku ule alilala ukingoni mwa godoro akitazama ukuta, na tangu siku ile akabaki na maneno machache ya lazima. Sogea. Maji yamechemka. Mama anakuita. Darasani alimwomba mwalimu ahamie dawati la mbele kwa sababu ya macho. Macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na tuliishi watu saba, pamoja na wadogo zetu watatu, na sijawahi kukaa peke yangu kama nilivyokaa mwaka ule.

Jumamosi nilikwenda kwenye maandalizi. Tulikuwa ishirini, katika ukumbi wa zamani ambamo mabwana wa kiwanda walikuwa wakicheza dansi enzi zao, sakafu ya mbao inalia ukikanyaga. Mainjinia wa kampuni walitufundisha kwa zamu, wengine kwa moyo, wengine wakitazama saa. Kila mmoja wetu alipewa injinia wake wa kumfuata na kumshauri. Wangu alikuwa mtu mpole wa mitambo ya reli, aliyefikiri nanyamaza kwa sababu ya hesabu, akawa ananirudishia hesabu ile ile mara tatu. Walitupa begi, kikokotoo na koti jeupe la maabara. Nilipovaa lile koti mara ya kwanza nilitafuta nani wa kumwonyesha. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha, nikalivua.

Wakati wa mapumziko wenzangu walikula mkate wakizungumza habari za kwao, nani baba yake yuko karakana gani, nani mama yake kapika nini. Mimi nilijibu kwa kifupi, niliogopa kuteleza. Kulikuwa na msichana aliyetaka sana tuwe marafiki, akaniomba anitembelee nyumbani. Nilimwambia tuna mgonjwa. Wiki nyingine akauliza tena, nikamwambia mgonjwa bado. Mara ya tatu hakuuliza.

Karatasi za mazoezi nilizileta nyumbani nikaziacha mezani, nikitumaini yaya atazitumia kwa mtihani wake. Hazikusogea hata kidole. Ila jioni moja umeme ukiwa umekatika, kama kawaida (bwawa la Mwadingusha si mbali na sisi, baba wa nyumba ni fundi umeme, na bado tunasomea mshumaa), nilikuta kwenye insha yangu ya Kifaransa kosa moja limekatwa kwa penseli, na juu yake sahihisho, kwa mwandiko wake. Hakuweza kuvumilia kosa lile, nadhani. Nilifurahi kama mjinga. Kesho yake niliacha kosa jingine makusudi, kubwa, la mtoto wa darasa la tano. Lilibaki vile vile wiki nzima.

Ndipo nilipokwenda ofisini, peke yangu, bila kumwambia mtu. Nilimwuliza karani: mtu akiacha nafasi yake, ndugu yake anaweza kuichukua? Alinijibu bila kuinua kichwa kwamba nafasi ikiachwa inakwenda kwa jina linalofuata kwenye orodha, la familia nyingine, maana baba yenu ameshatumia haki yake. Nilirudi kwa miguu. Wiki tano mapema, jina lingeandikwa tu jingine, basi. Sasa ningeacha, tungekosa wote wawili. Na ukweli wenyewe, kwamba mimi si mtoto wa nyumba ile, ulikuwa hausemeki. Mfanyakazi akikutwa amedanganya kwenye karatasi ya familia, anafukuzwa, na nyumba ya kambi anaiacha.

Mjomba wangu, sasa, ni mwongo mbaya. Simaanishi mwovu, namaanisha hajui kazi yenyewe. Mwaka ule aliponiandika alibadilisha jina la baba na la mama, lakini tarehe ya kuzaliwa aliiacha ya kweli, kwa kuwa tarehe ya mtu, alisema, haichezewi. Miaka kumi na miwili hakuna aliyeona. Kila mtoto ana kijitabu chake cha hospitali, na nani atakaa kuvilinganisha? Lakini kwa ajili ya malipo ya chuo kampuni ilitaka faili kamili la kila familia, na mama wa huduma ya jamii akaweka karatasi zote mezani pake. Akakuta mwanamke mmoja amezaa Machi na akazaa tena Julai ya mwaka ule ule.

Alikuja mwenyewe saa kumi alasiri, kwa gari la kampuni. Majirani wote walikumbuka kazi ya kufanya barazani. Mjomba alikuwa amerudi kutoka kazini hivi punde, bado amevaa ovaroli. Alimpa yule mama kiti kizuri, mke wake akaleta maji ya kunywa. Mgeni alinywa, akashukuru, akafungua faili magotini. Hakuwa na ukali wowote. Alisema kuna jambo dogo la tarehe, akatusomea, kisha akamgeukia mke wa mjomba.

"Mama, hawa bote bawili ulibazala weye?"

Mke wa mjomba ni mtu wa kanisa. Kila asubuhi yuko kwenye misa ya saa kumi na mbili, na uongo kwake ni jambo la kutubu siku ile ile. Alitazama mikono yake. Nikasikia maharage yakichemka. Mjomba alivuta pumzi, akavua kofia, na nilijua anataka kusema kweli. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetua mzigo. Nilitaka sakafu inimeze. Yaya wangu alikuwa uani anafua, akaja mpaka mlangoni, povu la sabuni mpaka viwikoni.

"Shiye tuko mapasa, madame," akasema. "Papa njo alikosea tarehe."

Mapasa, yaani pacha. Msichukulie wepesi neno hilo. Kwetu watoto pacha hawatungiwi uongo. Mama yao huheshimiwa, wana nyimbo zao, wana majina yao ambayo sisi hatukuwa nayo, na kujisingizia upacha ni kuchezea jambo ambalo hata waongo wakubwa wa kambi hawalichezei. Mke wa mjomba alishtuka mpaka kikombe kikagonga sinia. Yule mama alitutazama. Mimi mrefu, mweusi, mifupa mitupu. Yaya mfupi, mweupe, mashavu. Akasema hatufanani. Yaya akamjibu kwamba si mapasa wote wanafanana.

Yule mama alijua. Mpaka leo naapa alijua. Huenda naye alikuwa na wa dada yake kwenye karatasi. Aliandika kitu kwenye faili, akalifunga, akainuka. Halafu akafanya jambo ambalo limenikaa rohoni kuliko yote. Kwetu pacha hawapewi kimoja. Ukimpa huyu, umpe na yule, kilekile, wakati uleule, la sivyo unaleta balaa. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kalamu mbili za kampuni, sawasawa, akampa yaya moja na mimi moja.

"Mapasa habapewake kimoja," akasema. "Lakini kampani haijue mila."

Gari lilipoondoka, mjomba alikaa kwenye kile kiti kizuri, akafunika uso kwa kofia. Mke wake alirudi kwenye maharage. Jumapili iliyofuata alibaki kwenye benchi wakati watu wanakwenda kupokea komunyo, na Jumapili ya pili vile vile, na watu wakamwona. Angeweza kunilaumu, alikuwa na haki.

Mimi nilimfuata yaya uani jioni ile ile. Alikuwa anaanika shati la mjomba. Moyo wangu ulikuwa umejaa mno, nilidhani tumerudi, nilidhani mtu hawezi kukuita pacha wake mbele ya kampuni nzima kisha akaendelea kukutazama kama ukuta. Nikaanza kumshukuru, nikaanza na kulia. Alimaliza kwanza kubana shati.

"Usinishukuru," akasema. "Nilisema vile papa asipoteze kazi. Haikukuwa juu yako weye."

Akachukua beseni lake, akaingia ndani.

Mtihani wa Serikali tulipasi wote wawili, na alama zake zilizidi zangu. Yeye akaenda kujifunza kushona kwa masista, kwa kuwa chuo kilikuwa na mtu mmoja wa kulipiwa. Mimi nilikwenda bwenini miezi mitatu, halafu Lubumbashi. Sitawachosha na habari za chuo. Nilisoma, nilifaulu, nililala chumba cha wasichana wanne na sikuwa na wa kuzungumza naye usiku. Nilipiga simu nyumbani kila Jumapili. Mjomba aliniuliza kama nakula. Mke wake aliniuliza kama nasali. Nikiomba kuzungumza na yaya, nyuma nasikia cherehani inakimbia, naambiwa ana kazi ya watu.

Noeli ya kwanza nilirudi. Kutoka stendi nilitembea mbio na begi la kampuni mgongoni, nimemnunulia yaya kitambaa cha gauni, nimejifunza njiani mambo ya kumwambia. Na alikuwa mlangoni! Aliniona, akatabasamu, akaja akanipokea begi. Nilikaribia kuanguka kwa furaha. Aliniuliza safari ilikuwa nzuri. Akafuta kile kiti kizuri kwa kanga, akanikaribisha nikae, akatandika kitambaa mezani, akaniletea soda na glasi kwenye sinia. Nilicheka, nilidhani ananitania kama zamani. Hakucheka. Kitambaa cha gauni alikipokea kwa mikono miwili, akasema asante sana, nisingejisumbua.

Usiku tulikula kuku, na firigisi, ambayo katika nyumba ile ni ya mjomba tangu nijue kula, yaya aliiweka kwenye sahani yangu. Mjomba alitazama, akatazama chini. Nilipoinuka kukusanya vyombo, yaya alivichukua kutoka mikononi mwangu, taratibu, bila hasira hata kidogo. Godoro letu alilitandika shuka jipya, akaniachia lote. Yeye akalala mkekani sebuleni.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu niliamka kabla ya watu wote, nikachukua ufagio, nikaanza kufagia ua kama nilivyoufagia miaka kumi na miwili. Alitoka akifunga kitenge, akaja moja kwa moja, akashika ufagio juu ya mkono wangu.

"Acha," akasema. "Mugeni hafagiake."

Nilikaa kwenye kile kiti siku kumi. Hakuna aliyenituma hata chumvi dukani.